Malalamiko Dhidi ya Honi za Bwana Jalal

Bondeni, Nakuru
Jumanne, 11 Februari 2025

Mwanangu Najwa,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonung'unika likiona ngazi. Kaka yako Hemed na mkewe wamefika Njoro salama na chuo kimewapa nyumba yenye nyasi mbele. Mama yako amekwenda nao kumlea mjukuu, na huyo mjukuu, Jannat, ameota jino la kwanza ambalo tayari amelijaribu kwenye kidole changu. Kwa hiyo nyumba hii nimebaki peke yangu. Usianze kunihurumia, nimepata nafasi ya kutandaza vitu vyangu.

Sasa jambo lenyewe. Nilipokupigia juzi uliniambia, kwa sauti ya kiofisi ambayo sikukulea nayo, kwamba Mamlaka yenu ya Mazingira haipokei malalamiko kwa simu, lazima yaandikwe. Haya, nimeandika. Atakuletea Wariara, jirani yangu anayefanya kazi kwenye maua huko Naivasha na kuja nyumbani akipata likizo.

Mlalamikiwa anaitwa Jalal. Ni mjane, amehamia Desemba nyumba tunayopakana ukuta, na kazi yake ni kutengeneza honi. Si magari, mwanangu, honi peke yake! Honi za matatu, honi za malori ya Salgaa, honi za trekta. Na honi ikishatengenezwa sharti ijaribiwe, na huyu bwana anazijaribu asubuhi, mara tu akitoka kuswali Alfajiri. Kuna moja ya basi la Kisii inalia kama ng'ombe aliyekutana na mkwewe. Kuna nyingine ya sauti tano zinazopanda na kushuka, na akishaipiga hutulia kidogo, kama anayengoja kupigiwa makofi.

Nilimwendea. Nikamwambia, "Bwana Jalal, hapa watu wamelala."

Akaniuliza, "Nani, mama?"

Nikakosa jibu, maana upande ule kuna godauni na upande huu niko mimi tu. Akaniona nimekwama, akasema kwa adabu ya kuudhi, "Basi kesho nitaanza na ile ndogo."

Nataka mumnyamazishe. Na asije akasema eti na mimi napiga ngoma. Kikundi chetu cha harusi kinapiga mchana, tena kwa kualikwa.

Ni mimi shangazi yako, mwenye haki zake,
Safiyo

*

Naivasha
24 Februari 2025

Shangazi yangu,

Wa alaikum salaam, na pole kwa goti na kidole. Mimi sijambo ila nimechoka kuchoka kwa furaha, ile ya kazi mpya. Wiki hii peke yake nimefukuzwa na mbwa wa jamaa anayeosha magari ndani ya mto. Nimechota maji ya mtaro wa shamba fulani la maua kwenye chupa ili yapimwe. Nimemnyang'anya mama mmoja mifuko ya plastiki sokoni, akalia mpaka nikatamani kumrudishia. Halafu nikakaa chini ya hema tangu asubuhi kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu kichinjio cha kuku ambacho kila mtu anakitaka, ila kijengwe kwa mwenzake.

Kelele nazo ni zetu. Watu hudhani uchafu lazima unuke.

Lakini wewe ni shangazi yangu, kwa hiyo faili lako siwezi kuligusa hata kwa kijiti. Nitampa mwenzangu Kiptum. Ndiye anayebeba kipima sauti, maana kiko kimoja kanda nzima, anakifunga kwa leso na hamwachii mtu. Na jambo hili tusiliongee kwa simu, tuandikiane tu, ili siku moja mtu asije akasema nilikunong'oneza.

Jambo moja nataka ulielewe kabla sijamkabidhi barua yako. Faili likishafunguliwa si lako tena. Kelele ikipita kiwango imewaumiza wote, hata yule mlinzi wa godauni ambaye hajasema neno, na mlalamikaji hawezi kesho kuja kusema ameghairi. Fikiria vizuri. Je, nifungue?

Ni mwanao,
Najwa

*

Bondeni
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Najwa,

Salamu za mwezi mtukufu. Saumu inakwenda vizuri, isipokuwa chai ya saa nne ninaiota mchana kweupe. Jannat ana meno mawili sasa. Mama yako anasema Njoro kuna baridi ya kukata na anavaa soksi zangu, zile nilizozitafuta nyumba nzima.

Fungua! Ulikuwa unasubiri nini, mpiga mbiu? Fungua faili leo.

Ila nikusimulie kidogo. Siku ya pili ya Ramadhani mlango uligongwa, kufungua nakuta ni Jalal na bakuli la tambi. Amezipika mwenyewe, anasema tangu mkewe afariki amejifunza. Sikutaka kupokea. Lakini futari haifukuzwi mlangoni hata ikiletwa na mtu uliyemshtaki, nikapokea. Na wewe unajua kwetu si adabu kumrudishia jirani bakuli tupu, kwa hiyo kesho yake likarudi kwake na viazi vya nazi. Kumbe naye kalelewa vilevile. Likaja tena na mbaazi. Likaenda na katlesi. Sasa bakuli linapita ukuta huu kila magharibi na hakuna kati yetu anayejua namna ya kulisimamisha.

Chakula ni chakula na kesi ni kesi. Asubuhi ya leo honi ya basi la Kisii imenitoa kitandani nikiwa nimekwisha simama, kama hilo linawezekana.

Wariara anakuletea kopo la kaimati. Zimepikwa hapahapa mtaani. Wape na wenzako huko ofisini, wewe futuru nazo, mmekonda kwa kufukuzwa na mbwa.

Shangazi yako,
Safiyo

*

Naivasha
3 Aprili 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Idd njema iliyopita, Mungu azipokee saumu zetu. Mimi niliswali hapa Naivasha na nikala pilau kwa jirani mpaka nikaomba kulala kwake.

Kaimati zile! Nani kazipika? Kiptum hali hata biskuti ya mkutano mpaka imetajwa kwenye ajenda. Alichukua moja kwa heshima tu, akafunga macho, halafu hatukumpata tena. Mwisho alilamba shira ya kwenye kifuniko akidhani namtazama mtu mwingine.

Sasa habari njema. Alikuja kwenu kimyakimya wiki ya mwisho ya Ramadhani, akasimama na kipima sauti nje ya geti lako, na alichosikia kilimtoa kofia. Honi za Bwana Jalal zimepita kiwango kwa mbali sana. Amekwisha pelekewa amri: marufuku kujaribu honi yoyote mpaka ajenge chumba kisichotoa sauti. Amepewa hadi mwisho wa Juni. Akishindwa, karakana inafungwa kabisa na vifaa vinachukuliwa.

Umeshinda, Shangazi. Sasa lala usingizi wako.

Mwanao,
Najwa

*

Bondeni
12 Aprili 2025

Najwa,

Salamu. Mimi mzima. Jannat mzima. Goti zima.

Kimya kimekuja. Nalala vizuri. Naamka vizuri. Napika chai, nainywa, namaliza, bado asubuhi haijaisha.

Nina rafiki, wewe humjui, anauliza: mtu akiwa ameandika malalamiko kwa hasira tu za kukatizwa usingizi, hakuna mlango wowote wa nyuma wa kuyatoa?

Bwana Jalal alikuja na karatasi yenu mkononi. Hakumtukana mtu. Alisema, "Mama Safiyo, wamenifungia," akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, na alikuwa amevaa ovaroli safi kama mtu anayekwenda kazini. Ile karakana ndiyo kila kitu alichonacho. Nikamwambia pole. Hajui ni nani aliyeandika, na mimi sikumwambia.

Halafu zile kaimati alizipika yeye.

Safiyo

*

Naivasha
22 Aprili 2025

Shangazi!!

Salamu nitazitoa mwisho leo.

Barua yako niliisomea mezani kwangu. Nilipofika mstari wa mwisho nilipiga kelele ambayo kama kipima sauti kingekuwa wazi, ningejishtaki mwenyewe. Kiptum akaja mbio. Nikamwonyesha. Akasoma, akasoma tena, akakaa chini polepole.

"Madam," akaniambia, "inamaanisha nimekula za mlalamikiwa?"

"Tumekula."

"Na mimi ndiye nilimpima?"

"Ndiye wewe."

Basi Alhamisi kwenye mkutano wa kanda, mbele ya wakubwa wote, mtu mzima akasimama na kusema, "Nilikula kaimati za mtu ninayemchunguza. Sikujua. Zilikuwa tamu sana. Naomba nitolewe kwenye hili faili." Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka mkurugenzi alipoanza, na alipoanza hakuweza kuacha, mkutano ukaahirishwa. Mimi pia nimeandikiwa onyo dogo, nimelistahili. Vipimo vilionekana ni halali kwa sababu vinabaki ndani ya mashine, kwa hiyo amri iko palepale. Faili sasa liko kwa Chepchirchir. Huyu alikatazwa sukari na daktari na amewakasirikia watu wote wanaoila.

Mwambie huyo rafiki yako nisiyemjua kwamba mlango wa nyuma hakuna. Nilikueleza mapema. Lakini sikiliza hili, na ningemwambia yeyote anayeingia ofisini: kazi yetu si kufunga watu tu, ni pia kuwaonyesha namna ya kufanya kazi bila kuwaumiza wengine. Chumba kidogo, kuta mbili zenye nafasi katikati, trei za mayai kila mahali, magodoro makuukuu, mlango ndani ya mlango, na feni ya kuvutia hewa asije akazimia humo. Hii si siri na si upendeleo.

Sasa nijibu na mimi. Idd imepita wiki tatu. Bakuli bado linatembea?

Salamu hizi hapa: assalaam alaikum.

Najwa

*

Bondeni
Jumapili, 8 Juni 2025

Mwanangu Najwa,

Wa alaikum salaam, na Idd njema nyingine. Hemed amechinja mbuzi na ametuletea mguu mzima. Jannat anasimama kwa kushika pazia, na pazia moja limekwisha kufa. Usiniulize kwa nini nimechelewa kukuandikia, nilikuwa na kazi.

Chumba kinajengwa. Nilipomwambia Jalal habari za trei za mayai alinitazama kama nimerukwa na akili, halafu akatoka na mkokoteni. Tumewamaliza wauza mayai ya kuchemsha wote kuanzia hapa mpaka stendi. Kikundi changu cha harusi kimeacha ngoma, sasa kazi yao ni kupaka gundi na kunisema. Magodoro matatu yametolewa na majirani, na la nne ni langu, lile la Marehemu mume wangu. Nilisimama nalo mlangoni muda mrefu kidogo. Jalal akasema, "Hilo lirudishe ndani, mama, tutapata jingine." Nikamwambia Marehemu alipenda sana kulala, atafurahi likizuia kelele. Tukacheka sote wawili mpaka nikaketi juu ya godoro lenyewe.

Chumba tumekijaribu mara tatu. Yeye anaingia na ile honi ya sauti tano, anafunga milango yote miwili, mimi nabaki huku kwangu natega sikio. Mara ya kwanza nilisikia kila kitu. Mara ya pili nilisikia kama nusu, tukagundua shimo la feni halijawekewa bomba la kupinda. Mara ya tatu sikusikia chochote, nikaenda kumwambia atoke. Nagonga, hasikii! Nagonga, nampigia kelele, naye ndani anaendelea kupuliza kwa moyo mmoja. Alipofungua mwishowe, masikio yake yalikuwa mekundu na mimi mkono umevimba, akaniuliza, "Mbona umechelewa kuja?"

Sasa kilichobaki ni kuzibaziba na kuomba Mungu. Mwezi unakimbia. Huyo binti yenu asiyekula sukari anakuja lini? Nataka tu kujua ili nifagie.

Kuhusu bakuli, wino wangu umekaribia kuisha.

Safiyo

*

Naivasha
17 Juni 2025

Shangazi yangu,

Salamu nyingi, na za Kiptum pia, ambaye siku hizi akiona kopo lolote anauliza kwanza limetoka kwa nani.

Siku ya ukaguzi sikwambii. Hata ukifagia kila siku, vizuri, nyumba itakuwa safi. Chepchirchir atapima kwako, atapima barabarani, atapima kwa godauni, na ataagiza honi kubwa kuliko zote ipigwe. Ikizidi hata kidogo atafunga siku hiyohiyo, na mimi sitamwomba kitu, hata kama nitalia. Tafadhali usimpe chochote. Hata maji.

Wino ukiisha, kuna watu wenye macho. Wariara alinipata kwenye foleni ya benki akaniambia, "Madam, huyo shangazi yako siku hizi anapaka wanja kwenda kupanga trei za mayai." Mimi nilijibu kwamba hilo haliko kwenye majukumu ya Mamlaka.

Lakini mimi si Mamlaka usiku na mchana. Nakuombea, Shangazi. Nawaombea wote wawili.

Najwa

*

Bondeni
Jumapili, 6 Julai 2025

Mwanangu mpenzi Najwa,

Assalaam alaikum wa rahmatullah! Afya, mwanangu, ninayo ya kuuza. Mama yako yuko hapa, Hemed yuko hapa, Jannat yuko chini ya meza anakula kitu ambacho sijakijua bado.

Nianze na ukaguzi, maana Chepchirchir mnavyomjua atakuwa amewaandikia mistari miwili. Alikuja Alhamisi asubuhi bila hodi. Hakuketi. Hakunywa maji, nilimwacha na kiu yake kama ulivyoniagiza, na iliniuma. Akamwambia Jalal, "Boss, chukua ile kubwa yenyewe." Jalal akachukua ya basi la Kisii. Alisoma bismillahi kwa sauti, Najwa, kama mtu anayeshika spana mara ya kwanza. Akaingia, milango ikafungwa. Binti akapima barabarani. Akapima kwa godauni. Akaja kwangu, akasimama chumbani karibu na ukuta, na mimi nikashika reli ya kitanda.

Akatazama mashine yake. Akatazama tena. Akasema, "Imepita. Kwa kweli hata kuku wenu wanamshinda."

Kikundi changu chote kilikuwa nje ya dirisha kimejificha. Vigelegele vilivyopigwa pale sijapata kuvisikia kwenye harusi yoyote, na mimi ndiye niliyeongoza. Binti wa watu alikuwa hajazima mashine. Akainua mkono. "Mathe, sasa nyinyi ndio mmepita kiwango. Mkitaka kupiga ngoma hapa mnaomba kibali, sawa?" Nikamwambia sawa, mama, sawa kabisa, nikamkumbatia. Hilo naona halikuwa zawadi.

Alipoondoka nikasema nimalize deni la moyo. Nikamwambia Jalal kwamba aliyeandika ni mimi. Akacheka. "Nani mwingine? Si nilikuuliza siku ya kwanza ni nani aliyelala, ukakosa wa kumtaja?" Alijua tangu alipoipata ile karatasi, na bakuli aliendelea kulileta hivyohivyo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili sijamwambia hata mama yako. Kesho yake, Ijumaa, niliamka saa ile ile. Nikajua karakana imefunguliwa, nikajua yuko kazini, kwa hiyo nikalala chali nikangoja. Kimya. Nikaenda kwenye ukuta nikaweka sikio. Hakuna. Kile chumba kimeziba kweli, mwanangu, tulikijenga vizuri mno. Nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto. Tangu mlipoondoka mmoja mmoja, nyumba hii ilikuwa inaamka bila mtu. Nilipokuwa nagombana na zile honi nilikuwa na mtu wa kugombana naye. Nilikuwa najua kuna mwenzangu aliyeamka.

Nikavaa buibui nikaenda. Nikagonga mlango wa mbele safari hii, ambao anausikia. Akatoka na grisi mkononi, ameingiwa na hofu. "Zinasikika?"

"Hazisikiki."

"Si ndivyo tulivyotaka?"

"Ndivyo serikali ilivyotaka. Mimi nataka kuzisikia."

Akafikiri. Akasema kama fundi anayeeleza hitilafu, "Basi hapo hakuna njia, itabidi uwe ndani." Halafu akajisikia alichosema. Masikio yakawa mekundu kuliko siku ile ya majaribio, akaanza kupangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Nikamwambia, "Haya." Ndiyo hivyo tu, Najwa, nikasema haya. Tulisimama pale tukichekeana mpaka mlinzi wa godauni akatusalimu mara mbili.

Nampenda. Nimeandika, umeona? Umri wangu huu, na goti hili.

Jana amempelekea Hemed posa, kwa kuwa baba yako hayupo tena duniani na Hemed ndiye walii wangu, na Hemed alijitia kukunja uso kwa muda mfupi sana. Nikaha ni Ijumaa ya tarehe kumi na nane, baada ya swala. Kibali cha ngoma nimeomba kwa maandishi, kwa Chepchirchir, nikataja saa ya kuanza na ya kumaliza. Uje na Kiptum, mwambie faili limefungwa, anaruhusiwa kula.

Na ofisini kwenu uwaambie wamefanya kazi nzuri. Asubuhi mtaa mzima umelala, hata kuku wametulia. Kule ndani honi zinalia kama kawaida, kubwa na ndogo, na hakuna anayezisikia ila yeye peke yake, na kuanzia tarehe kumi na nane, mimi.

Shangazi yako,
Safiyo